Kumuua mchawi hakufuti alichokwisha kukitenda: namna uwezo wa kadi unavyofanya kazi katika Magic: The Gathering

Msomaji mmoja anayecheza mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering na binamu yake ameniandikia kuhusu ubishi uliowagawa mezani. Katika mchezo wa kwanza, binamu alilaza (yaani aliigeuza kando kuonyesha kwamba imetumika) kadi yake ya mchawi, Prodigal Sorcerer, ili kumtia kiumbe wa msomaji madhara 1. Msomaji akajibu kwa Lightning Bolt, kadi ya moto inayotia madhara 3, mchawi akafa, lakini binamu akashikilia kwamba madhara yale yako palepale. Katika mchezo mwingine, binamu aliteremsha Oblivion Ring na kumlenga kiumbe bora aliyekuwa upande wa pili. Msomaji akaivunja pete hiyo papo hapo kwa Disenchant, kadi inayovunja vifaa na sihiri, kisha akaambiwa kwamba kiumbe wake anakwenda uhamishoni, yaani nje ya mchezo, na hatarudi kamwe. «Je, ananidanganya?» anauliza. «Na kama ni kweli, kadi zangu za kujibu zina faida gani?»

Ndugu msomaji, binamu yako hakudanganyi. Mara zote mbili yuko sahihi, ingawa sababu ya mara ya pili ni ngumu zaidi kuliko ya kwanza, na wapo watu waliocheza miaka mingi ambao hawawezi kuieleza bila kujikanganya. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Kadi zako za kujibu zina faida kubwa, ila ulizielekeza pasipo mahali pake: uliipiga kadi iliyotoa uwezo wakati uwezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye kadi hiyo.

Kanuni kamili za mchezo zinalisema jambo hili waziwazi katika kipengele cha 113.7a: uwezo ukishaanzishwa na mchezaji, au ukishafyatuka wenyewe, huwa kitu kinachojitegemea, na kuharibiwa au kuondolewa kwa kadi uliyotoka baada ya hapo hakuugusi. Mshale ukishatoka kwenye upinde, kumuua mpiga upinde hakuurudishi nyuma. Takriban kila ugomvi wa aina yenu unatokana na mchezaji mmoja kudhani kwamba uwezo ni sehemu ya mwili wa kadi, kwamba kadi ikifa basi na uwezo unakufa nayo. Hilo ni kweli kwa aina moja tu ya uwezo, nami nitaifikia baadaye.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya mnapobishana ni kutambua ni uwezo wa aina gani mnaouzungumzia, na hilo halihitaji kukariri kadi, ambazo sasa ni zaidi ya 25,000 tofauti tangu mwanahisabati Richard Garfield alipoubuni mchezo huu na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Linahitaji kutazama sentensi iliyoandikwa kwenye kadi ilivyojengwa. Ukiona nukta mbili katikati ya sentensi, huo ni uwezo unaolipiwa: kilicho kabla ya nukta mbili ni gharama, kilicho baada yake ni matokeo. Sentensi ikianza kwa neno «When», «Whenever» au «At», huo ni uwezo unaofyatuka, ambao haumsubiri mtu kuuanzisha bali husubiri tukio. Sentensi ikieleza tu hali ya mambo ilivyo, bila nukta mbili na bila mojawapo ya maneno hayo mwanzoni, na kadi yenyewe ikiwa ni ya kukaa uwanjani, huo ni uwezo wa kudumu. Maagizo yaliyo kwenye kadi za kutumika mara moja kama Lightning Bolt huhesabiwa kuwa aina ya 4, lakini hayo hayawasumbui watu: unaitoa kadi, inafanya inachosema, inakwenda makaburini.

Sasa turudi kwa mchawi. Prodigal Sorcerer ni kiumbe wa buluu mwenye nguvu 1 na ustahimilivu 1 (yaani madhara 1 yanatosha kumuua), na sentensi yake ina alama ya kulaza kadi, nukta mbili, kisha maelezo kwamba anatia madhara 1 kwa mlengwa yeyote. Binamu yako alipoutumia uwezo huo alifanya mambo matatu mfululizo: alitangaza kwamba anautumia, akamchagua mlengwa, akalipa gharama kwa kumlaza mchawi. Katikati ya mambo hayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuingilia. Huwezi kusema «ngoja, namuua kabla hujamlaza», kwa kuwa kutangaza na kulipa ni tendo moja lisilokatika. Nafasi yako ya kujibu inafika baada ya gharama kulipwa, na wakati huo uwezo umekwisha kuwekwa mahali ambapo wachezaji hupaita staki.

Staki ni foleni iliyogeuzwa: kilichowekwa mwisho ndicho kinachotekelezwa kwanza. Ilianza kutumika mwaka 1999, kanuni zilipoandikwa upya kwa ajili ya toleo la 6. Uwezo wa mchawi ulikuwa chini, nawe ukaweka Lightning Bolt juu yake. Wote wawili mlipokubali kwamba hamna la kuongeza, Lightning Bolt ikatekelezwa, ikamtia mchawi madhara 3, mchawi akaenda makaburini. Kisha mchezo ukakitazama kilichobaki kwenye staki, ukaukuta uwezo ule ukiwa bado na mlengwa halali, ukautekeleza. Kiumbe wako akapata madhara 1. Hakuna hatua yoyote katika safari hiyo ambapo mchezo unauliza kama mchawi bado yuko hai.

Kile ambacho mchezo unakiuliza ni kama mlengwa bado anafaa kulengwa, na hapo ndipo penye mwanya wako. Uwezo wenye mlengwa hukaguliwa tena wakati wa kutekelezwa, na walengwa wote wakiwa wameacha kufaa, uwezo mzima unaanguka bila kufanya lolote. Kwa kuwa nadhani unacheza kadi za rangi nyekundu na nyeupe, chukua mfano wa Gods Willing, kadi nyeupe ya mana 1 (mana ni nishati ya kulipia kadi) inayompa kiumbe wako kinga dhidi ya rangi utakayoichagua hadi mwisho wa zamu. Ukichagua buluu wakati uwezo wa mchawi uko kwenye staki, kiumbe wako anaacha kuwa mlengwa halali, kwa sababu kinachomlenga kimetoka kwenye kadi ya buluu. Mchawi amelala bure, nawe umetumia mana 1.

Je, Lightning Bolt haina kazi mbele ya mchawi huyu? Ina kazi, lakini saa yake ni nyingine. Kiumbe aliyeingia uwanjani hawezi kutumia uwezo wenye alama ya kulaza katika gharama yake mpaka mwenyewe awe amemmiliki mfululizo tangu mwanzo wa zamu yake, na wachezaji huuita udhaifu huo ugonjwa wa kuitwa. Binamu akimteremsha mchawi katika zamu yake, mchawi huyo hana meno kwa muda wote uliobaki wa zamu hiyo na kwa zamu yako nzima. Huo ndio muda wa kumpiga. Ukisubiri mpaka zamu ya binamu ianze tena umechelewa, kwa kuwa kadi zake zinasimamishwa katika hatua ambayo hakuna anayeruhusiwa kutenda, na baada yake, ukitoa Lightning Bolt, yeye atajibu kwa kumlaza mchawi na madhara 1 yatampata mtu au kiumbe kabla moto wako haujafika. Muda mwingine salama ni pale mchawi anapokuwa amelala baada ya kazi yake kwisha kutekelezwa. Wachezaji wengi wanaoanza huhifadhi Lightning Bolt wakisubiri «wakati muafaka», yaani pale wanapoona hatari, na kwa viumbe wenye uwezo unaolipiwa wakati huo ndio mbaya kuliko yote.

Mantiki hii inakufaa na wewe pia ukiigeuza. Mogg Fanatic ni kiumbe mwekundu wa mana 1 ambaye gharama ya uwezo wake ni kumtoa mhanga yeye mwenyewe, kisha anatia madhara 1 kwa mlengwa yeyote. Kwa kuwa kumtoa mhanga ni gharama, na gharama hulipwa kabla mtu hajapata nafasi ya kujibu, binamu yako hawezi kumuua Fanatic ili kuzuia madhara. Kila atakapojaribu kumuua, wewe utamtoa mhanga kwanza. Hata hana alama ya kulaza, kwa hiyo ugonjwa wa kuitwa haumhusu, na unaweza kumtumia dakika ileile alipoingia.

Kuna kundi moja dogo la uwezo unaolipiwa ambalo haliingii kwenye staki kabisa, nalo ni uwezo wa kuzalisha mana usio na mlengwa, kama ule wa Llanowar Elves anayelazwa ili kutoa mana 1 ya kijani. Huo hutekelezwa palepale na haujibiki. Usipoteze kadi ukijaribu.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hukuliuliza, lakini litakufika siku binamu yako atakapomvisha mchawi wake Basilisk Collar. Hiki ni kifaa cha kuvaliwa, kinachompa mvaaji sifa mbili: deathtouch, ambayo kwayo madhara ya kiasi chochote yanatosha kumwangamiza kiumbe, na lifelink, ambayo humpa mwenye kadi uhai sawa na madhara yaliyotiwa. Mchawi mwenye madhara 1 kwa mara moja anageuka kuwa mnyongaji wa kila zamu. Tuseme amelazwa na kumlenga kiumbe wako mwenye 5 kwa 5, yaani nguvu 5 na ustahimilivu 5, nawe mkononi una Lightning Bolt na Disenchant. Ukimpiga mchawi, atakufa, lakini uwezo unabaki, na kwa kuwa aliyetia madhara hayupo tena uwanjani, mchezo unatumia taarifa zake za mwisho, yaani hali aliyokuwa nayo alipokuwa anaondoka. Alipoondoka alikuwa amevaa kola. Kwa hiyo madhara yale bado yana deathtouch, kiumbe wako anakufa, na binamu anaongezewa uhai 1 juu yake.

Ukiivunja kola kwa Disenchant badala yake, mambo yanageuka kabisa. Mchawi bado yuko uwanjani wakati uwezo unatekelezwa, kwa hiyo mchezo haurejei taarifa za mwisho bali unamtazama alivyo sasa, na sasa hana kola. Kiumbe wako anapata madhara 1 ya kawaida, na 5 kwa 5 hatetereki kwa hayo. Baada ya Disenchant kutekelezwa unaweza hata kumfuatishia mchawi Lightning Bolt ukipenda, kwa kuwa taarifa zake za mwisho sasa ni za mchawi asiye na kola. Kadi ni zilezile mbili, lakini mpangilio wake ndio unaoamua nani anaishi. Kanuni ya taarifa za mwisho ndiyo inayowapotosha zaidi wachezaji wa kati, wale waliokwisha kujua kwamba uwezo unajitegemea lakini hawajajua kwamba unapohitaji kuijua hali ya kadi uliyotoka, huitazama wakati wa kutekelezwa na si wakati wa kuanzishwa.

Sasa Oblivion Ring. Hii ni sihiri (kadi ya uchawi inayobaki uwanjani) nyeupe ya mana 3 iliyotoka mwaka 2007 katika seti ya Lorwyn, na ili kuelewa kilichokupata inabidi uyaone maandishi yake yalivyo: yana sentensi mbili, na zote mbili zinaanza kwa «When». Ya kwanza inasema pete inapoingia uwanjani, peleka uhamishoni kadi nyingine moja iliyolengwa isiyokuwa ya ardhi. Ya pili inasema pete inapoondoka uwanjani, irudishe kadi iliyohamishwa chini ya mmiliki wake. Watu wengi huzisoma kama ahadi moja, «nitaishika kadi yako nikiwa hapa», lakini mchezo hauoni ahadi yoyote. Unaona sentensi mbili za uwezo unaofyatuka, kila moja ikiwa na tukio lake.

Fuatilia kilichotokea mezani kwenu. Pete iliingia, uwezo wa kwanza ukafyatuka, ukapanda kwenye staki ukiwa umemlenga kiumbe wako. Ukajibu kwa Disenchant, ambayo ilikaa juu na kutekelezwa kwanza, pete ikavunjika. Kuvunjika kule kulikuwa kuondoka uwanjani, kwa hiyo uwezo wa pili nao ukafyatuka na kuwekwa juu ya ule wa kwanza ambao ulikuwa bado unasubiri. Wa juu ukatekelezwa: irudishe kadi iliyohamishwa. Kadi gani? Hakuna iliyokwisha kuhamishwa. Uwezo ukafanya bure ukaisha. Ndipo ule wa kwanza ukatekelezwa, ukamchukua kiumbe wako na kumpeleka uhamishoni, na uwezo pekee ambao ungemrudisha ulikuwa umekwisha kupita. Wewe mwenyewe, kwa haraka yako, ulikifanya kifungo cha muda kuwa cha maisha.

Ungesubiri kidogo tu ungepata kila kitu. Uache uwezo wa kwanza utekelezwe, kiumbe wako aende uhamishoni, kisha uivunje pete. Uwezo wa pili utafyatuka, utamkuta kiumbe aliyehamishwa, utamrudisha. Unaweza hata kusubiri zamu kadhaa na kuivunja pale ambapo kurudi kwa kiumbe huyo kutamuumiza binamu zaidi, na kama ni kiumbe mwenye uwezo unaofyatuka anapoingia uwanjani, uwezo huo utafyatuka upya.

Mwanya huu ulijulikana sana, na wachezaji wajanja walikuwa wakiivunja pete yao wenyewe kwa makusudi ili wahamishe kadi milele. Watungaji wa mchezo walipochoshwa nao walibadili uandishi. Banishing Light, iliyotoka mwaka 2014, inafanya kazi ileile kwa gharama ileile, lakini sentensi yake ni moja: hamisha kadi iliyolengwa mpaka Banishing Light iondoke uwanjani. Muda umo ndani ya sentensi. Ikiwa sihiri hiyo imekwisha kuondoka kabla uwezo haujatekelezwa, muda umekwisha kabla ya kuanza, na hakuna kinachohamishwa. Kwa hiyo jibu ulilolitoa mbele ya Oblivion Ring lingekuwa sahihi kabisa mbele ya Banishing Light. Kadi mbili ambazo mtu wa pembeni angeziona ni moja zinadai majibu yanayopingana, na ndiyo maana nasisitiza kuusoma ujenzi wa sentensi badala ya kuikumbuka kazi ya kadi kwa ujumla.

Katika uwezo unaofyatuka kuna mambo mengine mawili yanayostahili kutazamwa. Kwanza, uwezo wa namna hii hauna huruma kwa mwenyewe. Flametongue Kavu anapoingia uwanjani hutia madhara 4 kwa kiumbe aliyelengwa, na sentensi yake haina neno la hiari. Ukimteremsha uwanjani pasipo na kiumbe mwingine anayeweza kulengwa, mlengwa pekee aliyepo ni yeye mwenyewe, na kwa kuwa ustahimilivu wake ni 2, umelipa mana 4 kumuua kiumbe wako. Soma kama kadi inasema unaweza au inasema fanya.

Pili, ukiona neno «if» limefuata mara tu baada ya tukio linalofyatua, sharti hilo hukaguliwa mara mbili: wakati wa kufyatuka na tena wakati wa kutekelezwa. Felidar Sovereign ni mfano mzuri, kwa kuwa anamaliza mchezo: mwanzoni mwa hatua ya matunzo ya zamu yako, ikiwa una uhai 40 au zaidi, umeshinda. Tuseme binamu ana uhai 42, zamu yake imeanza, na uwezo huo umepanda kwenye staki. Mkononi una kadi mbili, Lightning Bolt na Swords to Plowshares, ambayo humpeleka kiumbe uhamishoni na kumpa mwenyewe uhai sawa na nguvu za kiumbe huyo. Silika itakuambia umwondoe Sovereign, naye ataondoka kweli, lakini uwezo unajitegemea, binamu ameongezewa uhai 4, na sekunde chache baadaye ameshinda akiwa na uhai 46. Ukimpiga binamu mwenyewe kwa Lightning Bolt anabaki na uhai 39, sharti halitimii wakati wa kutekelezwa, uwezo unaanguka. Angekuwa na 43, moto huo mmoja usingetosha, kwa kuwa 40 kamili bado inamtosha kushinda.

Aina ya tatu, uwezo wa kudumu, ndiyo ile niliyosema hufa pamoja na kadi yake. Haulipiwi, haufyatuki, hauingii kwenye staki, na hauna wakati wa kujibiwa. Glorious Anthem, iliyotoka mwaka 1998, inawapa viumbe wa mwenyewe nyongeza ya 1 kwa nguvu na 1 kwa ustahimilivu, na nyongeza hiyo ipo kwa muda ambao kadi ipo, si sekunde moja zaidi. Hapa sasa Disenchant yako inaweza kuua. Binamu ana Phantom Monster, kiumbe wa 3 kwa 3, ambaye chini ya Anthem amekuwa 4 kwa 4. Unampiga kwa Lightning Bolt, anapata madhara 3, hafi. Katika zamu hiyohiyo unaivunja Anthem kwa Disenchant. Nyongeza inatoweka papo hapo, ustahimilivu wake unarudi 3, madhara 3 bado yako mwilini mwake mpaka zamu iishe, na mchezo unamwondoa bila kumuuliza mtu. Hakuna uwezo uliowekwa kwenye staki ambao binamu angeweza kuujibu baada ya Anthem kuvunjika.

Uwezo wa kudumu unaleta taabu pale tu kadi mbili zinapotaka mambo tofauti kwa viumbe walewale, na kwa hilo kanuni zina utaratibu wa tabaka 7 unaoeleza kipi kinahesabiwa kwanza. Sitakupitisha kwenye tabaka zote. Kwa meza yenu inatosha kujua kwamba kadi zinazoweka kiwango cha msingi cha nguvu na ustahimilivu huhesabiwa kabla ya zile zinazoongeza au kupunguza, hata kama kadi ya kuongeza ndiyo iliyotangulia kuingia uwanjani. Kwa mfano Humility inawavua viumbe wote uwezo wao na kuwafanya 1 kwa 1. Ikikutana na Glorious Anthem, viumbe wa mwenye Anthem watakuwa 2 kwa 2, yoyote kati ya hizo mbili iwe imetangulia. Na Flametongue Kavu akiteremshwa chini ya Humility hafyatui kitu, kwa sababu anaingia akiwa amekwisha kuvuliwa uwezo.

Utakutana pia na kadi zenye neno moja tu, kama flying, equip au prowess. Hizo si aina nyingine ya uwezo. Kila neno ni kifupisho cha sentensi nzima, na sentensi hiyo ni ya mojawapo ya aina nilizozitaja: flying ni ya kudumu, equip hulipiwa, prowess hufyatuka. Ukilijua neno linafupisha sentensi gani, umekwisha kujua linajibiwaje.

Kuhusu kuzuia uwezo moja kwa moja, wachezaji wa buluu mara nyingi hujaribu Counterspell, nayo haifai, kwa kuwa inazuia uchawi uliotolewa kutoka mkononi na haiugusi uwezo wa kadi iliyoko uwanjani. Stifle, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: kwa mana 1 ya buluu inafuta uwezo mmoja uliolipiwa au uliofyatuka. Wewe usiye na buluu unaweza kutumia Pithing Needle, kifaa cha mana 1 kisicho na rangi, ambacho unapokiteremsha unataja jina la kadi, na tangu hapo uwezo unaolipiwa wa kadi yenye jina hilo hauanzishwi tena, isipokuwa ule wa kuzalisha mana. Taja Prodigal Sorcerer na mchawi anabaki kuwa mtu wa kawaida. Sindano hiyo haiwezi, hata hivyo, kuurudisha uwezo uliokwisha kupanda kwenye staki, wala haina nguvu juu ya Oblivion Ring, ambayo haina nukta mbili popote.

Kwa kuwa mnacheza mezani na si kwenye Arena, toleo la mchezo huu la kidijitali, ambako programu yenyewe husimama na kukuuliza kama unajibu, zoeeni kutamka. Anayeanzisha uwezo aseme amelenga nini, kisha anyamaze na kumsubiri mwenzake. Anayejibu aseme anajibu nini, kwa kuwa kuujibu uwezo wa Oblivion Ring ukiwa bado kwenye staki na kuivunja pete baada ya uwezo huo kutekelezwa ni mambo mawili tofauti, na mtu akitupa kadi mezani bila neno hamtajua alikusudia lipi.

Mkibishana juu ya maandishi, msitegemee karatasi iliyo mkononi. Kadi za zamani zimeandikwa kwa lugha iliyokwisha kubadilishwa, na maandishi halali ya leo kwa kila kadi, yanayoitwa Oracle, yanapatikana bure kwenye Gatherer, hazina ya kadi iliyoko mtandaoni. Vivyo hivyo kwa mazoea ya wachezaji wa zamani. Huenda ukakutana na mtu atakayekuambia kwamba Mogg Fanatic anaweza kumtia madhara kiumbe anayepigana naye, kisha akatolewa mhanga kabla hajafa na kutia madhara mengine 1. Ilikuwa hivyo, kwa sababu hapo awali madhara ya vita yaliwekwa kwenye staki na kusubiri, lakini utaratibu huo ulifutwa Julai 2009. Leo utachagua moja: umwache Fanatic apigane na kutia madhara yake ya vita, au umtoe mhanga kabla ya madhara hayo na utumie uwezo wake.